Mwaka wa Kungoja Mafiga

Siku tuliyomzika Skolastika kule Magamba, hakuna mwanamke wa ukoo aliyeshika mwiko. Walikuja wapishi wa kukodi kutoka Mpanda mjini, wasichana waliovaa fulana za rangi moja, na masufuria yao makubwa na majiko yao ya gesi, wakapika pilau pembeni ya turubai. Watu wakapanga foleni, mwanaume nyuma ya mwanamke, mtoto mbele ya mzee, kila mtu na sahani yake. Sikuona ubaya. Chakula kilikuwa kizuri na nyama haikupunjwa. Lakini nilipokaa kwenye kiti cha plastiki na sahani magotini, nikatazama kushoto na kulia, kila mtu anatafuna akiangalia mbele yake kama abiria wa basi, moyo ukanivuta kwenye kile chumba cheusi kilichokuwa nyuma yetu, jiko la marehemu, mlango umeegeshwa, ndani hamna moto. Skolastika alikuwa mke wa kaka wa mume wangu. Tuliitana mke mwenzangu, ndivyo walivyoitana wanawake walioolewa na ndugu wawili wa kaya moja, ingawa kila mmoja ana mume wake. Katika watu walionipokea pale nikiwa mke mgeni, yeye ndiye aliyekuwa amebaki. Sasa nikisema "unakumbuka?" hayupo wa kunijibu "nakumbuka."

Mimi naishi Nsemulwa, hapa Mpanda mjini, kwa mjukuu wangu Neema na mume wake Baraka. Neema amesomea maendeleo ya jamii, kazi yake ni kuzunguka vijijini na kukaa na vikundi vya akina mama. Anatoka asubuhi na pikipiki, anarudi jua limelala. Baraka ni fundi cherehani na cherehani yake iko sebuleni, kwa hiyo anayeshinda nyumbani ni yeye. Ndiye anayewasha gesi, ndiye anayesonga ugali, ndiye anayejua chumvi iko kwenye kopo gani. Majirani wanacheka. Mama mmoja wa nyumba ya pili alinivizia bombani akaniambia, "Bibi, yule mkweo kalishwa limbwata, siyo bure." Nikamwambia, "Mwanangu, kama ni limbwata, basi kalipika mwenyewe." Neema husema dunia imebadilika. Zamani familia ilikuwa pana, watu wa ukoo mzima kwenye kaya moja, mwanaume na kazi zake, mwanamke na zake; sasa ni baba, mama na watoto wao, na kazi zinagawanywa upya. Namsikiliza. Anayosema ni kweli, na maneno yake ninayapenda. Ila kuna jambo sikuwahi kumwambia, kwa sababu nililitunza pamoja na Skolastika, na Skolastika ndiye huyo tumemfukia.

Mwaka ninaousema ni wa kwanza wa ndoa yangu na Fidelisi. Tulifunga ndoa kanisani baada ya mavuno, na kabla mvua za kwanza hazijaanguka akapanda treni kwenda Uvinza kwenye kazi ya chumvi, kama vijana wengi wa kwetu walivyofanya. Aliniambia, "Yustina, nikirudi tu, Mama atakupa mafiga." Maneno hayo ndiyo niliyolalia. Kwa watu wa kaya ile, mke mgeni hakuwa na jiko. Alilala kwenye nyumba ya mumewe, lakini nyumba hiyo haikuwa na moto. Alipika kwa mama mkwe, kwa chungu cha mama mkwe, kwa chumvi aliyomiminiwa kiganjani na mama mkwe. Siku yake ikifika, mama mkwe huenda mwenyewe mtoni kuchagua mawe matatu, anayapanga ndani ya nyumba ya mke mgeni, mume akiwa amesimama mlangoni, kisha anachukua kaa la moto jikoni kwake na kuliweka katikati ya mawe. Tangu hapo wewe ni mtu wa pale, hata kaburi lako ni la pale. Kabla ya hapo wewe ni mgeni aliyekaa sana. Wanaume wakioa husema wamepata jiko. Basi mimi nilikuwa jiko lisilo na mafiga, na mwenye kunipata hayupo. Na baba yangu alikuwa ameshatamka mbele ya wazee wa pande zote: mwanangu akifika mavuno mengine hajapewa mafiga, namfuata. Roho yangu mwaka ule mzima ilikuwa imening'inia hapo. Nilimpenda Fidelisi, na nilikuwa nimeipenda kaya ile, na vyote viwili vingeweza kuniponyoka kwa ajili ya mawe matatu.

Jiko la mama mkwe wangu Leonsia lilikuwa nyumba ya peke yake, ya miti na udongo, paa la nyasi lililoshuka chini mpaka mtu anainama kuingia kama anaomba msamaha. Ndani kulikuwa giza la kunukia. Moshi wa miaka ulikuwa umepaka dari rangi nyeusi inayong'aa, na juu ya mafiga ulitundikwa uchaga wa samaki wakavu na mahindi ya mbegu. Kulikuwa na vyungu, na Mama alivipa majina ya watu. Chungu kikubwa cha ugali kiliitwa Mwenyekiti, kwa sababu hakisogei mpaka kisogezwe. Kile cha mboga chenye ufa mdomoni kiliitwa Melania, jina la jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, na Melania alilijua hilo na alikuwa akiingia anauliza, "Leo mwenzangu kapikiwa nini?" Mvua zilipoanza tuliingia porini kuchuma uyoga, tukaupika kwa karanga zilizotwangwa, na mimi mpaka leo nikisikia harufu ya ardhi iliyolowa nameza mate. Skolastika alikuwa na mafiga yake, ila kwa mimba kubwa aliyokuwa nayo alishinda na kupikia kwa Mama. Alikuwa mcheshi, mdomo haukai. Akikaa kwenye kigoda chake huku akimenya maharage ananiambia, "Mke mwenzangu, usiangalie sana hayo mafiga, yatakuona una njaa." Mama hucheka kimya, mabega tu yanatikisika. Tulikula wote watatu kwenye ungo mmoja, vidole vikigongana kwenye mboga, na aliyemaliza wa kwanza huambiwa ana mume wa kumkimbilia. Mimi nilikuwa namaliza wa mwisho.

Wanaume walikula nje. Katikati ya uwanja kulikuwa na moto wao, na jua likielekea kuzama kila nyumba ya jirani ilipeleka chakula pale, kila mke na sahani yake, wakala pamoja bila kuuliza hii ni ya nani. Nawakumbuka mmoja mmoja: baba mkwe wangu Kristofa, mrina asali, mfupi, mwenye kikohozi cha ugoro, shemeji yangu Venansi, mume wa Skolastika, Mzee Alfonsi aliyekula upande mmoja wa mdomo, Mzee Pesambili, na Mzee Kasimu, Mwislamu, ambaye siku za kuku alikuja na kuku wake aliyemchinja mwenyewe, na wote wakamla huyo huyo. Sisi tukipeleka maji ya kunawa tulipiga goti, tukaweka, tukarudi tukitazama chini. Kwangu ilikuwa zaidi, kwa sababu mkwe na mke wa mwanawe hawakupeana mkono wala kukaa chumba kimoja. Katika miezi yangu yote pale, maneno niliyokuwa nimeambiwa na baba mkwe yalikuwa "maji ya moto sana" na "asante." Lakini ukuta wa jiko ulikuwa wa udongo, na udongo unapasuka. Tulisikia yote. Ndipo siku moja nikamsikia Venansi akisema, "Watu wa treni wanasema Fidelisi yuko na mwanamke kule Uvinza. Anapikiwa." Mzee Alfonsi akauliza, "Anapikiwa vipi? Uji au ugali?" Venansi akasema, "Unataka kujua na mboga?" Wakacheka. Baba mkwe hakucheka. Akasema, "Kuleni." Mimi nilikuwa nimeshika kata ya maji. Skolastika akaninyang'anya polepole, akaniambia kwa sauti ya chini, "Watu wa treni wameona moshi tu, mke mwenzangu. Moshi hauna jina."

Kisha mvua zikashika kweli. Mama akaletewa habari kwamba dada yake amefariki Kibaoni, huko Mpimbwe alikozaliwa, naye akadandia lori la mpunga akaenda kuzika. Alituachia maagizo mengi kama mtu anayehama. Alipofika tu, mito ikajaa njiani, magari yakakatika, akakwama huko. Nyuma yake Skolastika akajifungua, mtoto wa kike, Sesilia, akawa amelala na mtoto wake nyumbani kwa Mama, maana Baba alikuwa na nyumba yake ya kulala. Venansi alikuwa shamba la mbali, kwenye dungu, analinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Kwa hiyo aliyebaki na nguvu za kupika kaya nzima ni mimi, na mimi nikashikwa na homa. Homa ile ya kutetemesha meno, kitanda kinalia chenyewe. Melania alituletea ugali mara moja, kisha kijito kati yetu kikafura, hakuna wa kuvuka. Nililala kwenye nyumba yetu isiyo na moto, nimejifunika mablanketi yote, natazama kwa ufa wa mlango uwanja umejaa maji na moto wa wanaume umezimika. Nikasema basi, mzazi atakufa njaa na mtoto wake kwa ajili yangu, na mafiga ndiyo nimeyakosa hivyo.

Ilikuwa mchana. Nikaona baba mkwe anatoka nyumbani kwake na gunia limemfunika kichwa. Akasimama katikati ya uwanja, akatazama njia ya kijitoni, akatazama njia ya shambani, kama mwizi. Halafu akainama, akaingia jikoni kwa Mama, akafunga mlango. Nilidhani homa inanidanganya. Mwanaume haingii jiko la mkewe. Hata kuku akiingia humo mwanaume husimama nje akampigia kelele. Punde moshi ukaanza kupenya kwenye nyasi za paa, mwingi, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na hewa haipiti, na ndani yake kikohozi, kohoo, kohoo, mtu anakufa. Mara nikasikia mwiko. Ninyi mnaosonga ugali mnajua, mwiko una sauti ya aliyeushika. Ule haukuwa wa Mama wala wa Skolastika, ulikuwa unapiga kwa nguvu, haraka, kama mtu anayepiga makasia. Baadaye mlango ukafunguka, akatoka na mabakuli mawili, macho mekundu, machozi yanamtoka. Moja akaliweka kwenye kizingiti cha Mama, kwa Skolastika. Moja akaliweka kwenye changu, akagonga nguzo mara moja, akarudi nyuma, akageuza kinu juu chini chini ya upenu wangu, akakalia, mgongo kwangu, uso kwenye mvua.

"Mkwe," akaita.

"Abee, Baba."

"Kula ungali moto."

Ulikuwa uji wa mtama, umetiwa asali ya porini. Sikupata kula kitu kama kile tena. Nilikunywa nikilia, na sijui kama ni homa. Yeye akavuta ugoro wake, akapiga chafya, akasema bila kugeuka, "Usishangae. Mimi nilikwenda Tanga kwenye mkonge ningali kijana. Kambini hakuna mke wa mtu. Unadhani nani alitupikia?" Akaendelea, "Wote unaowaona pale motoni wamepita makambini. Alfonsi, Pesambili, hata Kasimu. Wote wanajua kusonga ugali kukuzidi wewe. Tukirudi tunauacha mlangoni."

"Mnaacha nini, Baba?"

"Huo ujuzi. Ukiingia nao ndani, mwanamke atakuuliza ulikuwa umekaa unangoja nini siku zote."

Nikacheka, mbavu zikaniuma. Akasema, "Na yule naye huko anapika mwenyewe. Mtoto wangu namjua, mchoyo wa chumvi, hakubali kupikiwa na mtu. Akirudi usimuulize." Kaya nzima ilikuwa imekwisha kuanza kusema "kama atarudi." Yeye alisema "akirudi." Neno hilo nilijifunika nalo kuliko mablanketi.

Alipika hivyo kila siku mvua ilivyoendelea, na kila siku alifunga mlango. Skolastika akipokea bakuli lake nyumbani kwa Mama ananipigia kelele ng'ambo ya uwanja, "Mke mwenzangu, leo mpishi kaunguza!" na jikoni kikohozi kinajibu kwa hasira. Kisha maji ya kijito yakapungua, na Melania akatokea bila sisi kumwona, kashika nguo juu ya magoti, akasimama mbele ya jiko lenye moshi.

"Hodi jikoni!"

Ndani mwiko ukasimama.

"Hodi! Jamani, nani anaunguza nyumba ya Leonsia?"

Nikajikokota mpaka mlangoni kwangu. Nikiangalia nyuma naona hapo ndipo nilipokuwa mtu wa kaya ile, kabla ya jiwe lolote. "Mama Melania," nikasema, "ni Baba. Anafukiza mizinga yake."

"Jikoni?"

"Mvua, mama. Afukizie wapi?"

Melania akavuta pumzi kwa pua, taratibu. Akautazama mlango uliofungwa, akanitazama mimi niliyesimama kwa kushika nguzo, akatazama nyumba ya Mama ambako mtoto wa Skolastika analia. "Sawa," akasema. "Ila mizinga yenu inanukia ugali." Akaweka chini kikapu cha mboga alichokuja nacho, akaenda zake, na nilimwona mabega yake yanatikisika kama ya Mama.

Mama alirudi njia zilipokauka, amekonda kwa msiba. Hakukaa. Alikwenda jikoni moja kwa moja, kama mtu anayekwenda kumwona mtoto. Mimi nilikuwa nimepona, nikamfuata na maji. Alisimama akatazama majivu. Wanawake wa kwetu tunasukuma kuni ndefu, zinaungua ncha kidogo kidogo. Pale kulikuwa na vipande vifupi vilivyokatwa kwa shoka, vimelaliana kimoja juu ya kingine, moto wa watu wengi wenye haraka. Akamgeuza Mwenyekiti, chini kaungua. Akafungua kibuyu cha asali, kitupu.

"Nani alikuwa kwenye jiko langu?"

"Mimi, Mama."

"Wewe ulikuwa kitandani. Nimeambiwa tangu kijitoni."

Baba mkwe alikuwa nje, anachonga mzinga, na shoka lake likawa limesimama. Nilijua nikimtaja, wenzake watamwimba motoni mpaka afe; nisipomtaja, mama mkwe ataniona mwongo, na mwongo hapewi mafiga. Nikasema, "Mama, tulikula. Mzazi alikula. Hayo mengine niliyaona kwa homa." Akanitazama sana. Halafu akakaa kwenye kigoda cha Skolastika, akajifunika uso kwa kanga, nikafikiri analia msiba wake. Alikuwa anacheka. "Nilipomzaa Fidelisi," akasema, "mvua kama hii, mama mkwe wangu mgonjwa. Mzee huyu akajifungia humu. Nilisikia kikohozi chake mpaka nikamwonea huruma. Melania naye, mume wake aliwahi kujifungia. Kila mwanamke hapa ana mlango wake uliofungwa, mwanangu, na kila mmoja anadhani ni wake tu." Nje shoka likaanza tena, haraka haraka.

Kesho yake alfajiri hakunituma mtoni. Alikwenda yeye. Alirudi na jiwe kichwani kwenye kata ya nguo, akaliweka mlangoni kwangu, akarudi tena, na tena. Venansi alikuwa amekuja kuona mtoto wake. Alipoona jiwe la tatu akashtuka. "Mama, unafanya nini? Fidelisi hayupo. Nani atasimama mlangoni?" Mama hakusimama. "Kama mwanaume anaweza kuwasha moto wa mke wake asiyekuwepo," akasema, "basi hata mwanamke anaweza kupewa moto mume wake asipokuwepo." Venansi hakuelewa hata kidogo. Akamgeukia baba yake amsaidie. Baba mkwe wangu akaweka shoka chini, akajifuta mikono, akaja akasimama kando ya mlango wa nyumba yangu, mgongo kwetu, uso uwanjani, pale pale alipokuwa amekaa kwenye kinu. Mama akapanga mawe, akayatikisa kuona kama yanacheza, akaleta kaa kwenye kigae. Nilipiga magoti nikapuliza. Nilikuwa nimengoja moto ule mpaka nilipouona nikaogopa kuuangalia.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli ambao Neema hawezi kuupata vijijini kwa kuuliza. Jioni ile nilipika ugali wangu wa kwanza kwenye mafiga yangu, mboga yangu, chumvi niliyojimiminia mwenyewe. Nikautenga kwenye sahani. Nikakaa. Ng'ambo ya uwanja niliona mwanga wa jiko la Mama, nikasikia Skolastika anasema jambo na Mama anacheka, na mimi sikulisikia ni jambo gani. Nilikata tonge, halikushuka. Kumbe kile nilichokitamani mwaka mzima kilikuwa ndicho kitu cha kunitoa kwenye ungo ule. Hakuna aliyeniambia kwamba moto wako ukiwaka, wa wenzako unakwenda mbali. Nilikuwa bado nimekaa hivyo mlango ukafunikwa na mtu. Skolastika, mtoto mgongoni, bakuli lake la mboga mkononi. "Sogea," akasema. "Ugali wa mtu mmoja haunogi." Akakaa chini, akanawa, akala kwangu. Kesho yake nikaenda mimi kwake. Tukafanya hivyo miaka mingi, mpaka waume zetu wakazoea kututafuta jiko moja wakitukosa jiko lingine.

Fidelisi alirudi kabla mahindi hayajakauka. Alishuka kwenye njia ya stesheni na begi moja na mfuko wa chumvi, akasimama uwanjani akitazama paa la nyumba yake likitoa moshi. "Mama," akauliza, "nani yuko nyumbani kwangu?" Mama akamjibu, "Mwenye nyumba." Baba yangu alipokuja na wazee kunichukua alikuta mafiga yameshakuwa meusi, akala kwangu, akaenda zake. Sikumuuliza Fidelisi habari za Uvinza, nilikuwa nimekatazwa. Lakini nilipomzaa mwanangu wa kwanza, yule aliyekuja kuwa baba yake Neema, nikiwa nimelala nikasikia mlango wa jiko unafungwa kwa ndani, kisha kikohozi, kisha mwiko unaopiga haraka. Niliugeukia ukuta nikatabasamu. Fidelisi alipoleta bakuli alisema Melania kaleta. Nikamwambia, "Mshukuru." Tuliishi hivyo maisha yetu yote, yeye akifunga mlango, mimi nikimshukuru Melania, hata Melania alipokuwa ameshakufa. Sasa Fidelisi pia hayupo. Naulizwa kama zamani ilikuwa bora. Siitamani njaa yake wala goti la kupiga mbele ya maji ya kunawa. Namtamani mtu wa kugongana naye vidole kwenye mboga. Baraka ananiletea chakula chumbani kwa heshima, kwenye sinia, na kifuniko. Neema anakula akirudi, watoto wanakula mbele ya televisheni, naye Baraka anakula amesimama, nguo ya mteja begani. Nyumba moja, moto mmoja, na kila mtu ni mke mgeni siku ya kwanza ya mafiga yake.

Basi siku ile ya mazishi nikanyanyuka na sahani yangu ya pilau. Neema akauliza, "Bibi, unataka choo?" Nikamwambia, "Nataka jikoni." Nikazunguka nyuma, nikainama kama ninavyojua kuinama pale, nikaingia jikoni kwa Skolastika. Kigoda kilikuwepo. Mafiga yalikuwepo, yamepoa, jivu limekandamana. Nikakaa. Sikula, nilishika tu sahani. Punde mlango ukafunikwa na mtu, moyo wangu ukaruka kama mjinga. Alikuwa Baraka, sahani mkononi, anachungulia giza, Neema nyuma yake.

"Bibi, unakula peke yako huku?"

"Ndiyo kwanza nangoja wenzangu."

Akasitasita. Nje vijana wenzake wa Magamba walikuwa wanamwangalia, mmoja akapiga mluzi. "Kwani humu mwanaume anaruhusiwa?"

"Ingia," nikamwambia. "Babu zenu waliingia majikoni kabla yako. Kaa hapo nikupe habari za Kristofa."

Wakaingia wote wawili, wakakaa chini kwenye udongo. Neema akamimina pilau lake juu ya langu, Baraka akamimina la kwake, likawa sahani moja. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi kutoka kwenye turubai, na Baraka, mtoto mwenye adabu, akanyoosha mkono avute mlango.

"Uache wazi," nikasema.